Likizo ya Crispin Yaliwa na Pasaka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Crispin Kihwele ameinama mbele ya mdomo wa tanuri, anasukuma mabanzi ya miti ndani kwa uma wa chuma. Nje wenzake wamejifunika mablanketi kwa baridi ya Mbeya. Yeye shati lake limelowa jasho.

Bila moto huo hakuna mvuke, na bila mvuke misumeno ya kiwanda hiki cha mbao haizunguki. Lakini asubuhi hii Crispin hazungumzii moto. Anazungumzia karatasi iliyokunjwa mfukoni mwake.

"Soma mwenyewe, ndugu mwandishi," anasema. "Mimi nikisoma nachemka kuliko hii boila."

Ni karatasi ya likizo ya mwaka. Crispin ana haki ya siku kumi na nne. Ijumaa Kuu, Jumamosi, Pasaka yenyewe na Jumatatu yake kiwanda kinafungwa. Kwa hiyo aliomba likizo ianze Jumanne inayofuata, apate siku kumi na nane mfululizo. Ofisi imemjibu kwamba likizo inaanza Ijumaa Kuu. Zile siku nne ambazo hata paka wa kiwanda anapumzika, yeye amekatwa kwenye haki yake!

Msomaji atasema siku nne ni kitu gani, mtu mzima kupiga kelele? Basi asikie habari za boila.

Boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji ya mvuke, huota ukoko wa chokaa ya maji ndani, na ukoko huo lazima ugongwe kwa nyundo. Ili mtu aweze kuingia, moto uzimwe na chuma kipoe siku nzima. Kiwanda hakikubali kusimama siku za kazi, kwa hiyo boila huoshwa sikukuu ndefu tu: Krismasi na Pasaka. Na mwoshaji ni mmoja. Tangu mwaka 1951 Crispin amekula Pasaka zote humo ndani, amelala kifudifudi na taa mkononi, huku kengele za kanisa zikilia mjini.

"Nikitoka masikio yanalia siku mbili," anasema. "Na hakuna siku ya kunifidia. Hata moja!"

Safari hii alijipanga mapema. Kwa miezi mitatu, kila saa ya chakula, alimfundisha Andendekisye, mpanga mbao kutoka upande wa Tukuyu, namna ya kuosha boila. Wakapeana mikono: Crispin aende Pasaka, Andendekisye aende Krismasi. Kwa Andendekisye halikuwa jambo dogo, maana yeye ni Mmoraviani, na alfajiri ya Pasaka watu wa kwao husali makaburini pamoja na wazee wao waliolala.

"Nilimwambia, kaka, nenda tu ukamwone mtoto," anasema Andendekisye. "Mimi wafu wangu watanisamehe. Mtoto wako yeye anakua."

Mtoto huyo ni Tekla, ana miaka minne. Anaishi na mama yake, Matilda, karibu na misheni ya Tosamaganga, Iringa, kwa kuwa kambi ya wafanyakazi hairuhusu wake wala watoto. Mwandishi alipopita huko juma lililopita, Matilda alikuwa anapalilia mahindi. Baada ya "kamwene", salamu ya Kihehe, na habari za nyumbani, aliongea bila kuficha.

"Mwaka jana baba yake aliingia, mtoto akakimbilia kwa bibi," alisema. "Akaniuliza, mama, huyu mgeni ataondoka lini? Alimzoea siku ya nane. Siku ya tisa baba akambeba mgongoni mpaka mtoni. Siku ya kumi mwenzangu akafunga mzigo."

Sasa tuhesabu kama Crispin anavyohesabu. Basi la kurudi Mbeya huondoka Iringa Jumatatu na Ijumaa tu. Kwa siku kumi na nane, angefika nyumbani Jumamosi kabla ya Pasaka, tarehe ishirini Aprili, na kuondoka Jumapili, tarehe tano Mei, awahi basi la Jumatatu. Hizo ni siku kumi na sita na mwanawe. Kwa karatasi ya ofisi, anatakiwa kazini Ijumaa, tarehe tatu Mei, na basi la siku hiyo litamchelewesha, kwa hiyo inabidi aondoke Jumapili ya tarehe ishirini na nane Aprili. Zinabaki tisa.

"Saba anaogopa, moja ananichungulia, moja ananicheka," anasema Crispin. "Halafu naondoka! Hiyo ni livu au ni kutesana?"

Alikwenda ofisini. Silvester, karani wa kiwanda, hakuinua hata macho. Alimwambia, "Pasaka ni ruhusa ya Bwana Meneja, si mali yako." Mwandishi naye alimuuliza karani huyo kwa nini ruhusa hiyo haikuwahi kumfikia mtu wa boila kwa miaka sita. Alijibu kwamba ana kazi nyingi. Mezani kwake kulikuwa na kikombe cha chai na kalenda, na sikukuu zote zimezungushiwa wino mwekundu kwa ajili ya safari zake mwenyewe.

Karatasi ile ina nafasi ya sahihi chini. Crispin hajatia sahihi, na anasema hatatia. Ataondoka kwa basi la Ijumaa Kuu na kurudi kazini Jumanne, tarehe saba Mei. Anajua ataandikiwa utoro wa siku nne, na anajua wapo watu wanaosimama getini kila asubuhi wakingoja nafasi kama yake.

Je, haogopi?

"Naogopa sana," anasema, akifunga mlango wa tanuri kwa mguu. "Lakini jana nimetuma barua kwa mama Tekla. Nimemwambia amwambie mtoto kwamba baba anakaa mpaka tarehe tano. Barua nyingine siandiki."