Chakula cha Marubani Wawili

Wenzangu wanapenda dhahabu, wengine wanapenda kwenda harusini. Mimi napenda ndege, na zaidi ya ndege napenda kujua kwa nini zimeanguka. Nalisema mapema ili mwenye kuniona mchawi aache kusoma hapa hapa. Sipendi watu wafe, toba! Ninachokipenda ni ile ripoti inayotoka baada ya uchunguzi, pale wanapoanza kufumua jambo moja moja: skrubu isiyo saizi yake, fundi aliyeitwa kunywa chai kazi ikiwa nusu, kijitaa kilichoungua kikawashughulisha marubani mpaka wakasahau kwamba wanarusha ndege. Halafu mwisho wanaandika nini kifanywe ili lisitokee tena. Nani mwingine anafanya hivyo? Kwetu sisi mtu akivunja sahani anatukanwa yeye na ukoo wake wote, na wiki ya pili inavunjika sahani nyingine vile vile.

Jumamosi zangu nilikuwa natoka Lewisham na chupa ya chai na vitumbua, nabadilisha treni mpaka Heathrow, nasimama kwenye majani kando ya fensi pamoja na wanaume wa Kizungu wenye kamera ndefu. Mwanzo waliniona na buibui langu wakadhani nimepotea. Mmoja akanionesha kituo cha basi, maskini, kwa roho nzuri kabisa. Nikamwambia aachane na basi, atazame ile inayokuja, imechelewa kutoa magurudumu kuliko mwenzake aliyetangulia. Akatazama, akanipisha mbele. Tangu siku hiyo vitumbua vyangu vikawa vinaliwa na watu ambao hata nikikutana nao sokoni siwajui.

Habari zikaenea kwa watu wetu. Ikawa mtu hakati tiketi ya kwenda nyumbani mpaka anipigie simu kwanza. "Dada, nimepata ya rahisi, inapitia pahala fulani, unaionaje?" Nami najibu. Kuna waliosema nawatisha watu. Simtishi mtu mimi! Mtu akiniuliza namjibu, akitaka kubembelezwa akamuulize anayeuza tiketi.

Shida ni kwamba nyumbani kwangu nilikuwa na msikilizaji mmoja asiyesahau neno, naye ni mama yangu. Alihamia kwangu baada ya baba kufariki, na kila jioni nikipika alikuwa anakaa kwenye kiti cha jikoni na sinia la mchele mapajani. "Haya, leo imeanguka ipi?" Nami namhadithia, huku yeye anachambua mchele na kuguna. Aliuliza maswali ya mtu mwenye akili zake. Alijua kwamba kile wanachokiita kisanduku cheusi si cheusi, ni cha rangi ya chungwa, na hilo lilimuudhi. "Sasa wanatudanganya kwa faida gani?" Alijua pia kwamba rubani na msaidizi wake hawali chakula kimoja, ili kimoja kikiwa kibovu abaki mwenye tumbo zima wa kuteremsha ndege. Hilo alilipenda sana. Alisema hapo Wazungu wametumia akili.

Ndipo ikaja simu kutoka Unguja. Mama mdogo, ndugu pekee aliyebaki wa mama, alikuwa hospitali, na madaktari wamesema arudishwe nyumbani akapumzike. Sote tulijua wana maana gani. Tulipoondoka Unguja baada ya Mapinduzi, mimi mtoto wa kubebwa, yeye ndiye aliyebaki na wazee na nyumba. Mama alikuwa akienda kumwona kila akipata nafasi, lakini hayo yalikuwa kabla hajaanza kukaa jikoni kwangu. Mama mdogo alisema maneno machache tu kwenye simu: "Dada, njoo nikuone." Mama akalia, akasema anakuja, akaniamrisha tukakate tiketi siku ile ile.

Tukaenda Edgware Road kwa wakala mmoja, Mhindi mzaliwa wa Dar es Salaam anayekaa Stanmore, Kiswahili chake cha Kariakoo hakijapungua hata chembe. Akatuagizia chai. "Mama, ipo ya keshokutwa, nzuri sana."

"Ina injini ngapi?" mama akauliza.

"Mbili, mama."

"Ikizimika moja?"

"Inabaki moja."

"Na hiyo ikizimika?"

Yule bwana akanitazama mimi. Nikaingilia, nikamwambia mama ndege za siku hizi zinaruka kwa injini moja saa nyingi tu, na hata zikizimika zote ndege haidondoki papo hapo, inateleza hewani. Wallahi nilitaka kumtuliza.

"Inateleza mpaka wapi?"

Nikasema inategemea imezimikia wapi. Mama akasimama, akashukuru kwa chai, tukarudi nyumbani.

Safari ya pili aliikataa kwa sababu wakala alishindwa kumwambia mkia wa ndege umekaguliwa lini. Ya tatu ilikuwa na injini nne, nikasema afadhali. Lakini ilikuwa inalala katika mji wa joto, na mama akakumbuka ripoti ya nyigu waliojenga ndani ya kitundu cha kupimia mwendo. "Mji huo una nyigu?" Yule bwana alikuwa ameshachoka. "Mama yangu, mimi nauza tiketi, sifugi nyigu!" Nilitoka nje nikacheka mpaka machozi. Lakini ndani ya basi kicheko kilikwisha, nikapandwa na hasira, kwa sababu siku zilikuwa zinakwenda na mgonjwa hangoji. Nikamwambia hivyo kwa sauti, watu wanatutazama. Akanijibu taratibu, mikono juu ya mkoba: "Wewe ndiye uliyeniambia ajali haiji kwa jambo moja, inakuja kwa mambo madogo mengi yaliyopuuzwa. Basi mimi sipuuzi."

Kule Unguja kila siku wanapiga simu, mama mdogo anauliza dada anafika lini. Ikaja siku tukapiga sisi. Binti yake akapokea, akasema mama yake hataki kuja kwenye simu. Amelala? Hajalala. Amezidiwa? Hapana.

"Amesusa," akasema. "Kasema dada akishamaliza kukagua ndege za watu, ndipo wazungumze."

Nyuma yake tukamsikia mgonjwa mwenyewe, sauti nyembamba lakini kali: "Mwambie namsalimu fundi!"

Mama akaweka simu chini. Sijapata kumwona vile. Alikaa akitazama mikono yake, na mimi nikaogopa, nikaogopa kweli, kwamba mdogo wake atakufa wamenuniana. Kisha akainua uso. "Nitakwenda. Kwa yoyote iliyopo. Lakini chakula cha marubani nitapika mimi."

Nilidhani anatania. Hakutania hata kidogo. Nilimweleza kwamba mashirika yana majiko yao na taratibu zao. Mama huyu maisha yake yote hajatia tonge mdomoni harusini bila kuuliza nani kashika sufuria, sasa amwamini mpishi asiyemjua na roho yake iko juu mawinguni? Asubuhi ya safari nyumba nzima ilinukia karafuu na iliki. Pilau ya nyama ya kapteni, mkate wa kumimina wa msaidizi wake, kila kimoja na chombo chake na kitambaa chake. Nikamuuliza mbona msaidizi kapewa mkate mtupu. "Huyo bado kijana," akasema. "Akitaka pilau apande cheo."

Heathrow, kwenye ukaguzi, pilau ikapita, mkate ukapita. Likazuka bakuli la mchuzi wa nazi ambalo mimi sikuwa na habari nalo. Askari akasema kwa adabu kwamba vitu vya majimaji haviruhusiwi. Mama akanigeukia: "Mwambie ni wa kapteni."

Jamani! Nimesoma ripoti nyingi kiasi cha kujua maneno gani hayatafsiriwi mahali pale. Bibi wa Kizanzibari, buibui, bakuli la majimaji, na ujumbe kwa kapteni! Nikamwambia askari mama anasema samahani, alisahau, litupeni. Mama alilitazama likitupwa akasikitika. "Kapteni atakula kikavu," akasema.

Ndani ya ndege tulimpata mhudumu wa kike kutoka Mombasa, akamwamkia mama shikamoo, basi mambo yakaharibika hapo hapo. Mama akamkabidhi vyombo vyote viwili. "Hiki cha kapteni, hiki cha mwenzake. Wasibadilishane, mwanangu, na wasionjeane." Yule dada akanitazama. Mimi nikamuunganishia viganja kama ombaomba. Akavipokea kwa mikono miwili, akaenda navyo mbele.

Tulipokuwa juu tayari akarudi. "Mama, wanashukuru sana."

"Nani kala nini?"

Hakupepesa hata jicho. "Kapteni pilau, msaidizi mkate."

"Wamemaliza?"

"Kapteni kauliza kama ipo nyingine."

Mama akaegemea kiti, akasoma dua yake, akalala usingizi mzito mpaka tunateremka. Mimi sikulala. Kila mlio niliujua ni wa kitu gani, na kila mlio ukanipa shaka. Nilipokwenda msalani nikapita kwenye jiko lao dogo, nikawakuta wahudumu wanne wamesimama wanatafuna, mmoja ana punje za wali kidevuni. Nikapita zangu. Ndege ya pili, ya kutufikisha Unguja, ilikuwa ya safari fupi, mama akaipanda bila kuuliza hata ina mabawa mangapi.

Mama mdogo tulimkuta hai, amelala ameelekea ukutani. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwita. Kisha yule mgonjwa akasema na mimi: "Mwambie mgeni wako kuna chai kwenye chupa."

"Mwambie mwenyeji wako sitaki chai," mama akajibu. "Nataka anitazame."

"Mwambie mimi si ndege, sikaguliwi."

Walikuwa wanagusana! Mgongo wa mmoja uko kwenye paja la mwenzake, na mimi nimesimama katikati nawapelekea maneno ambayo kila mmoja kayasikia mwenyewe. Tukaenda hivyo siku nzima. Nilitaka kucheka na nilitaka kuwafinya wote wawili. Lakini nilikuwa naliona bega la mama mdogo, lilivyokuwa dogo ndani ya kanga, na roho iliniuma. Nikashindwa. "Mama mdogo, basi jamani, inatosha."

"Mwambie na mtoto wake anyamaze," akaniambia mimi.

Kesho yake adhuhuri mama alikuwa hoi. Hakuomba ruhusa, alipanda kitandani na nguo zake, akajilaza ubavuni mwa mdogo wake. Nilisikia pumzi zao, moja nzito na moja ya kukwama kwama.

"Sogea," mama mdogo akasema. "Umenilalia mkono."

Hakuniambia mimi nimwambie. Alimwambia mwenyewe.

"Sogea wewe," mama akajibu. "Kitanda chako."

"Na mto wangu umeuchukua."

"Mto huu wa mama yetu."

"Kaniachia mimi."

"Nani kakwambia?"

Nikatoka, nikaenda kulia jikoni, na sioni haya kusema. Waliuzozania ule mto mpaka adhana ya magharibi, mama mdogo amegeuka, nyuso zimekaribiana, wanatajiana nani alilala upande gani walipokuwa wadogo na nani alikuwa akikojoa kitandani. Alfajiri mama mdogo hakuamka.

Kwenye msiba, jirani mmoja alikuja kukaa karibu na mama, akamuuliza kwa upole kama walipata kuagana vizuri. Mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Tuligombana," akasema. "Alhamdulillahi, tuligombana."