Nusu Kopo la Aiskrimu

Jambo hili nimelificha miaka mingi, hata mke wangu alilijua mwaka jana tu, kwa hiyo mkinicheka nitavumilia, ila subirini kwanza nimalize. Mnaijua diploma yangu ya lishe iliyo ukutani pale sebuleni (nani asiyeijua, kila mgeni huonyeshwa kabla ya chai), ile niliyoipata Columbus kwa kusoma mchana na kuosha vyombo jioni, nikipanga chumba karibu na chuo kikuu pamoja na Wakenya wawili waliokuwa wakisomea uzamivu na ambao hawakuweza kusonga hata ugali. Sikusomeshwa na mtu, na hilo nalisema popote. Lakini kila ninapoipangusa vumbi ile fremu namkumbuka mama mmoja wa Buffalo, na kifua chote kinanywea.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Louisville, nikifanya kazi katika jiko la hospitali, mimi ndiye niliyepanga sahani za wagonjwa. Mle jikoni nilikuwa na rafiki, Safari, Mkongo wa Bukavu, ambaye mjomba wake alikuwa mchungaji wa kanisa dogo kule Lackawanna, kusini mwa Buffalo. Waumini wake wengi walikuwa Wakongo, wachache Warundi, na wazee kadhaa walikuwa wameanza kuugua sukari tangu wafike Marekani. Mchungaji akaomba niwafundishe kusoma lebo za vyakula, Jumamosi mbili. Nikachukua likizo ya wiki nzima, nikanunua suti, nikachapisha vyeti arobaini vyenye jina langu chini kwa herufi kubwa kuliko za mwenye cheti.

Safari akaniaga kwa ushauri. "Kaka, ukisema kikombe, watu yetu watasema unaongea Swahili ya kitabu. Sisi tunasema kopo. Donc, useme kopo, wataona uko mtu wao."

Nikaushika ushauri huo kama nilivyoshika usukani, kutoka Louisville, nikapita Columbus (nikazunguka mbele ya chuo changu bila sababu yoyote ila kujifurahisha), mpaka Buffalo. Kwenye buti nilikuwa na kikombe changu cha kupimia, cha plastiki, chenye mistari ubavuni, kimepauka kwa sabuni ya jikoni. Asubuhi ile ya kwanza nilikitoa, nikakitazama, nikaitazama suti, nikakirudisha kwenye buti. Mtu mwenye diploma aingie kanisani na kikombe kilichochakaa? Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yalitoka hapo.

Nilifundisha vizuri, siwezi kusema uongo. Niliinua juu aiskrimu ya vanila, ile ya chombo kikubwa kinachotosha familia, nikawasomea lebo: mafuta, chumvi, sukari gramu kumi na nne. Nikawaonya kwamba wengi huona gramu kumi na nne wakashangilia, wasijue kwamba hesabu hiyo si ya chombo kizima. "Namba zote hizi," nikasema, mkono mmoja umekiinua chombo na mwingine unakigonga ubavuni, "ni za nusu kopo."

Mama mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa Mrundi, Mama Espérance, amezeekea kambini Tanzania, mguu wake mmoja umefungwa bendeji kwa kidonda ambacho daktari alihofia kingefanya mguu ukatwe.

"Mwalimu, binti yangu ameninyima aiskrimu. Tangu nifike nchi hii ndicho chakula pekee kisichonidai meno. Nile au nisile?"

Ukumbi ukacheka. Mimi nikaweka mkono kifuani kama waziri.

"Mama, kula. Nusu kopo kwa siku, na wali upunguze. Usipite hapo."

"Nusu kopo," akarudia polepole, kama mtu anayeweka kitu mfukoni. Watu wakapiga makofi.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya vyeti. Nimevipanga mezani, nimeshamwita mtu wa tatu, mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke aliyevaa nguo za kiwandani, ametoka kazini Tonawanda moja kwa moja. Mkononi alikuwa na chombo kitupu cha aiskrimu. Akaja mpaka mezani akakiweka juu ya vyeti.

"Wewe ndiye mwalimu? Mimi Imelda. Mama yangu, Mama Espérance, amelazwa tangu jana. Sukari imepanda mpaka akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nimekuta kama hiki vitatu kwenye pipa la taka. Nikamuuliza, akasema mwalimu amempa ruhusa, nusu kopo kila siku. Nikamwambia, mama, unakula kwa siri halafu unamsingizia mwalimu wa kanisani?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema, "Dada, nilisema nusu kopo tu."

"Basi hili hapa kopo! Nusu yake ni wapi? Nionyeshe."

"Bon, dada Imelda," mchungaji akaingilia, "kopo ni ya kunywea chai. Si hiyo."

"Nani kasema?" mzee mmoja wa Kirundi akasimama nyuma. "Kopo ni hilo alilobeba! Kule kambini mlikuwa mnanywea chai kwenye kopo la mafuta?"

"Kwetu kopo ni kopo!" Wakongo wakajibu, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, na mimi (hili ndilo linalonichoma) nikacheka pamoja nao, nikaongeza, "Labda mama hakusikia vizuri."

Imelda hakucheka. Alikisukuma kile chombo kuelekea kwangu. Nikakitazama chombo kile, na ndipo nikakumbuka kwamba hata kwetu, kwa mama yangu mzazi, kopo ni lile la mafuta ya kupikia lililokaa juu ya kabati, na kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuita kikombe kopo mpaka nilipofundishwa na Safari wiki moja kabla. Mama yule alisikia vizuri kabisa. Nusu ya kopo kila siku, siku sita, makopo matatu. Ndani ya kila kopo mlikuwa na vipimo kumi na viwili, kwa hiyo kila siku alikula sita. Hesabu nilikuwa naiweza sana.

Nikasema mbele ya wote, "Mama yako hakunisingizia. Nilimwambia hivyo." Nikaviacha vyeti chini ya lile kopo, nikaenda kwenye gari, nikafungua buti.

Hospitalini Mama Espérance alikuwa ameamka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Aliponiona uso ukamng'aa.

"Mwalimu, umekuja! Mwambie huyu mtoto. Nilikuwa nakata kwa kisu, katikati kabisa. Sikuvuka hata kijiko."

"Hakuvuka," nikamwambia Imelda. "Alifuata. Aliyekosa ni mimi." Imelda akainama akaushika mkono wa mama yake, akaomba msamaha kwa Kirundi.

Nikakitoa kikombe. Mama akakipokea, akakigeuzageuza, akaweka kidole kwenye mistari.

"Kumbe ni hiki?"

"Ndicho, mama. Nusu yake."

Kisha akanirudishia.

"Sasa si ungekuja nacho, mwanangu."

Alitoka hospitali baada ya siku chache, na mguu haukukatwa. Imelda alinipigia simu kunijulisha, jambo ambalo hakuwa na deni nalo. Diploma nitaendelea kuwaonyesha, niliitolea jasho. Lakini tangu siku ile simwambii mgonjwa yeyote kiasi cha kula kabla hajakishika kile kikombe kwa mkono wake mwenyewe, akanionyesha kwa kidole nusu ni wapi.