Judica na Ndama Aliyemaliza Maziwa

Mwanangu Judica hasikii. Nalisema mapema ili tuelewane. Tangu akiwa mdogo hapa Tlawi nilimwambia aache kuchora ukutani kwa mkaa, ashike daftari. Akaenda kuchora kwenye daftari! Nilimchapa mpaka nikachoka mimi.

Kosa lake kubwa alilifanya akiwa na miaka saba. Ng'ombe wetu alikuwa hashushi maziwa mpaka ndama anyonye kidogo, ndipo unamtoa ndama unakamua. Kwa hiyo ndama alifungwa, na asubuhi haguswi mpaka nifike na kibuyu. Siku hiyo tulikuwa tunangoja wakwe, wanakuja kumposa dada yake. Nikamwambia Judica, "Ndama akilia, mwache alie." Weee! Nilipotoka nilimkuta ndama amefunguliwa, amelala, tumbo kama gunia, na chuchu za ng'ombe hazina kitu. Wakwe wakanywa chai ya rangi nyumbani kwa mtu mwenye ng'ombe wa maziwa. Aibu ile naijua mwenyewe.

Sasa Judica ni mwalimu wa darasa la tatu huko Tumati. Watoto wa darasa lake nyumbani wanaongea Kiiraqw, lugha yetu, Kiswahili wanakutana nacho shuleni, na kusoma kukawa shida. Basi akakusanya kalenda kuukuu, akachora nyuma yake, akazishona kwa sindano ya magunia. Vikawa vitabu vitatu: mtoto aliyekatazwa kuvaa mabuti ya baba yake, mtoto aliyekatazwa kumchokoza jogoo, na yule aliyemfungua ndama. Watoto wakavigombania.

Lakini Mzee Gervasi wa kamati ya shule alikasirika, akasema vitabu hivyo vinafundisha ukaidi. Vikafungiwa stoo mpaka kikao cha wazazi kiamue. Vikikataliwa, vinachomwa kwenye jiko la shule. Asubuhi ya kikao Judica alinipigia simu analia. Mtu mzima, mwalimu wa serikali, analia! Nikamjibu kwa hasira, "Si nilikwambia uache kuchora?" Nikakata simu. Halafu nikajifunga kitenge, nikapanda bodaboda kwenda Tumati.

Nilimkuta Mzee Gervasi amesimama mbele ya wazazi, amekishika kile cha ndama. "Tazameni mama alivyochorwa, mdomo wazi mpaka masikioni! Hii ndiyo heshima?" Nikatazama. Kilemba changu. Pengo langu la mbele. Haki ya Mungu, damu ilinichemka.

Nikasimama. "Shikamoo, mzee. Huyo mama ni mimi."

Watu wakaangua kicheko. Nikaendelea, "Na siku ile mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko huo. Ila kabla hamjachoma, mpeni mtoto asome, tusikie huo ukaidi uko wapi."

Mzee akamwita mjukuu wake, Monica, aliyekuwa anachungulia dirishani. Alimchagua makusudi. Watu wote walijua Monica hasomi, mwaka wa tatu sasa, na babu yake alitaka tuone kwamba michoro haijamsaidia kitu. Judica aliinamisha kichwa. Mimi nilikunja ncha ya kitenge changu mpaka vidole vikauma.

"Ma-ma a-li-se-ma," Monica akaanza. Akakwama. Akarudi nyuma. Ukurasa wa pili akaenda taratibu, wa tatu akaongeza mwendo. Ndama alipoanza kunyonya, Monica alikuwa anasoma huku anacheka. Wakwe walipopewa chai ya rangi, akina mama wakashika mbavu. Ukurasa wa mwisho mtoto mkaidi amenuna, na kikombe chake nacho hakina maziwa.

Monica akafunga kitabu. "Imeisha, babu."

Mzee Gervasi alikuwa ameshakaa, na machozi yanamtoka wazi mbele ya watu wote.

"Basi soma tena," akasema.

Jamani, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka! Mikono yote ikanyooshwa kuvikubali vitabu, na mwalimu mkuu akaenda mwenyewe kufungua stoo. Judica akanijia mbio, akanishika mikono.

"Mama, umekasirika nilivyokuchora?"

"Nimekasirika sana," nikamwambia. "Yule ndama alikuwa na baka jeupe usoni, na wewe hukuliweka. Kaa chini uchore upya."