Marsiana na kiti cha gitaa la tatu

Saa moja kasorobo asubuhi, foleni ya ndoo imeshazunguka ukuta wa mashine ya kusaga hapa Kasulo, wilayani Ngara. Marsiana Protasi, kilemba na nyusi vyeupe kwa unga, anashika debe la mahindi kwa mkono wa kulia, analisukuma juu kwa kiwiko cha kushoto na kulimimina kwenye mdomo wa kinu. Haidondoki punje.

"Shikamoo mama Keza," anasema msichana mwenye ndoo ya bluu.

"Marahaba. Dona au sembe?"

"Dona. Mama kasema usiache chenga kama juzi."

"Mwambie mama yako juzi alileta mahindi mabichi. Hiki ni kinu, siyo jua."

Foleni inacheka. Marsiana hana muda wa kucheka, maana mashine inanguruma na yeye anaimba. Wimbo ni wa Kimarekani, maneno ni ya Kihangaza, na kina mama wawili pale nyuma wanamwitikia.

Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu: gumba, cha pete na cha mwisho. Vingine viwili vilikwenda na mkanda wa mashine nyingine aliyokuwa akiifanyia kazi, miaka mitatu iliyopita.

Kwa msagaji, mkono huo ni shida anayoweza kuizoea. Kwa Marsiana, 38, ulikuwa mkono wa gitaa.

Benaco, pale njia panda ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, kuna watu wanaojiita Wakusini. Wako kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi, lakini kusini wanakokusema ni kusini mwa Marekani, ilikotoka bendi moja ya zamani ya roki iliyokuwa na magitaa matatu. Wakusini hawa ni madereva, wakulima wa kahawa na migomba, mwalimu mmoja na muuza nyama. Nyimbo za bendi hiyo wamezipa majina yao. Kuna Ya Vumbi, kuna Ya Mvua. Na kuna Ile Ndefu, ambayo ikianza, mwenye maharage jikoni huenda kwanza akapunguze moto.

Mapenzi hayo yaliingia Ngara miaka ya tisini, wakati wa kambi za wakimbizi. Baba yake Marsiana, marehemu Protasi, alikuwa mbeba magunia ya msaada. Dereva mmoja wa kigeni alikuwa akipiga kanda ya bendi hiyo kutwa nzima, na Protasi akamwomba amrekodie yake.

"Baba hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji," anasema Marsiana. "Alisema hawa watu wanaimba kama mtu anayekwenda mbali, na anajua nyumbani leo wamepika nini."

Katikati ya Ile Ndefu kuna mahali gitaa moja linalia, halafu mengine mawili yanalifuata. Kwa miaka mingi Wakusini walibishana kama kweli hilo ni gitaa. Theonest, muuza nyama, alishikilia kwamba ni ndingidi, lile zeze la uzi mmoja ambalo wazee wa huku hulipiga kwenye pombe.

"Niliweka kilo ya maini kwamba ni ndingidi," anasema. "Mwenzetu Bulugu akanionyesha video ya bendi kwenye simu. Maini yakaenda. Lakini mpaka leo nikifumba macho nasikia ndingidi."

Katika kikundi cha Wakusini kinachopiga nyimbo hizo, Marsiana ndiye aliyekuwa akililiza gitaa hilo. Alivuta uzi kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, mpaka sauti ikapanda. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, Wakusini walikutana kwenye maegesho ya malori, na sehemu hiyo ilipofika madereva waliwasha taa zote za kumetameta kama vile magari yameharibika kwa pamoja.

Vidole vile viwili ndivyo mkanda ulivyovichukua.

Matibabu yalimeza mbuzi watatu, na kwa miezi mitano hakuona ile shilingi elfu sita anayolipwa kwa siku. Hayo anayaeleza haraka haraka. Anapofika kwenye vifungo vya shati la mwanawe, anapunguza mwendo.

"Keza alikuwa anaanza shule. Namfunga kifungo, kinaponyoka. Namfunga tena. Akaniambia, mama acha, nitakwenda hivi hivi. Siku hiyo nililia kuliko siku ya mashine."

Gitaa akalitundika nyuma ya mlango.

Mwaka uliofuata, kikundi kilipiga Ile Ndefu kwa magitaa mawili, la mzee Gidioni, rafiki wa baba yake, na la Marcel, mume wa Marsiana. Sehemu ya kulia waliitoa kwenye simu kwa spika. Hakuna dereva aliyewasha taa.

"Simu ninayo mwenyewe," anasema Bulugu, dereva wa lori la saruji na mwenyeji wa Kaniha, Biharamulo. "Nije Benaco kuiwashia simu taa?"

Mwaka huu mzee Gidioni akaamua kiti cha tatu akikalie mpiga kinanda, Diana, binti wa kwaya. Marsiana alikwenda kwake na kumwomba amsikilize kwanza.

"Nilimwambia, mwanangu, huruma haiwezi kupiga gitaa," anasema Gidioni. "Akanijibu, baba, sijaja na huruma, nimekuja kuomba siku."

Wakati huo tayari alikuwa akifanya mazoezi nyumbani. Video iliyomnyima Theonest maini yake ilimwonyesha Marsiana kitu kingine: mpigaji alikuwa hakandamizi nyuzi kwa vidole. Alivaa kipande cha chupa kwenye kidole kimoja na kukitelezesha juu ya nyuzi.

"Kidole kimoja," anasema. "Mimi ninavyo viwili na gumba. Nikajiuliza, sasa mimi nakaa bure kwa nini?"

Shingo ya chupa ya soda ilipasuka na kumkata. Bomba la pampu ya baiskeli lilikwaruza. Ndipo Bulugu akateremsha boksi la spana, wakajaribu soketi moja moja, vile vichwa vya chuma vya kufungulia nati. Kumi na nne ilibana, kumi na tisa ilicheza. Kumi na saba ikakaa kwenye kidole cha pete.

"Nimemvisha mke wa mtu pete," anasema Bulugu, "na mume wake akanishukuru."

Theonest akachonga kipande cha mfupa wa ng'ombe ili kuziinua nyuzi, soketi isigonge vyuma vya shingo ya gitaa. Mengine yalibaki kwa Marsiana. Kila jioni, unga ukiwa bado masikioni, alikaa uani kwa mwaka mzima na nusu. Majirani walivumilia. Mmoja aliuliza kama kuna paka amenaswa.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, kikundi kilikaa barazani kwa mzee Gidioni. Diana alikuwa ameshaweka kinanda tayari. Marcel alikataa kusema lolote. "Nikisema anaweza, mtasema ni mke wangu. Nikisema hawezi, nitalala wapi?"

Ile Ndefu ikaanza. Ilipofika katikati, Marsiana akatelezesha soketi, na noti ya kwanza ikatoka chungu, chini kidogo ya mahali pake. Akanyanyua mkono. Magitaa mengine yakanyamaza.

"Unaendelea, au Diana aingie?" akauliza Gidioni.

"Aingie wapi, baba? Mimi sijatoka."

Wakarudia. Safari hii sauti ilipanda, ikatetemeka pale juu, ikakaa. Si ile ya zamani. Ni nyembamba zaidi, na inachelewa kufika, kama mtu anayepanda kilima na mtoto mgongoni. Theonest, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, alifumba macho.

Wimbo ulipokwisha, mzee Gidioni alikaza uzi wake mmoja ambao haukuwa umelegea.

"Diana," akasema, "pale katikati mikono weka mapajani."

"Hata kidogo, babu?"

"Hata kidogo. Pale pana mwenyewe."

Jumamosi hii ndiyo Jumamosi yenyewe. Marsiana atafunga mashine saa saba mchana, na bosi wake ameshakubali. Baada ya hapo anataka kuwafundisha watoto wa Kasulo wanaotaka gitaa, akianza na msichana mmoja aliyezaliwa na mkono usionyooka.

Je, haogopi?

"Kuna mahali, karibu na mwisho, pananishinda bado," anasema, akipangusa unga kwenye kiganja. "Marcel ananiambia niruke tu hapo, hakuna atakayejua. Mimi sitaruka. Nitapita hapo hapo, na nikikosea, mwakani nitapita tena."