Sahani za Penina

Restuta, mchora vyombo wa Makole, hasikii sikio la kushoto. Lilizibwa na kofi la Lameck, mume ambaye Restuta alimkimbia na nguo alizovaa tu. Mwanaume yule, jamani, ukimsifia mtakula sahani moja. Mguse jina lake uone!

Siku moja akaja binti mmoja, Penina, uso umejaa tabasamu. Anataka sahani za kauri za harusi yake, zichorwe maua na majina mawili: Penina na Lameck. Lameck yupi? Yule yule!

Brashi ilimponyoka Restuta. "Mdogo wangu, huyo anapiga. Nilikuwa mke wake."

"Aliniambia utasema hivyo, dada. Wivu tu umekujaa."

Yalimuuma, lakini alimwelewa. Hata yeye alionywa zamani, akawaona waongo. Huyu lazima aone kwa macho yake, kabla ya kanisa.

Sasa rangi ya kauri kabla ya tanuri ni kama masizi, kidole tu kinaifuta. Ikishachomwa, utasugua hadi uchoke. Restuta akachora maua na jina la Penina, akachoma. Kisha akaandika Lameck, na hilo hakulichoma. Akampigia Penina simu waje wote wawili, ingawa alijua kipigo kitamwangukia nani.

Wakaja. Lameck akashika sahani ya juu, akapitisha kidole gumba kwenye jina lake kwa majivuno. Likafutika lote.

"Unanifuta mimi? Mimi?"

Loo! Sahani ikapasukia kichwani mwa Restuta. Alipoanguka, Lameck akamfuata na mateke ya mbavu, damu ikatapakaa sakafuni. Penina akamng'ang'ania shati, "Utamuua!" Bila hata kumtazama, Lameck akamtwanga kiwiko cha mdomo, jino likatoka. Majirani wakaingia na mipini ya majembe, wakamlaza chini na kumfunga kamba mpaka polisi walipofika.

Penina alikaa sakafuni, mdomo umevimba. "Dada, ulijua atakupiga?"

"Mimi nilijua. Wewe sikutaka akuguse." Restuta alilia kwa hilo, si kwa mbavu.

Penina akavuta sahani zilizobaki. Akashika pindo la kitenge chake, akaanza kufuta jina la Lameck, sahani moja baada ya nyingine. La kwake mwenyewe halikutoka.