Pampu ya Oili Iliyovuka Ziwa

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishukia Kibirizi kila siku, pikipiki kuukuu ya Kiingereza ya bwana mganga wa zahanati iliharibika pampu ya oili. Bila pikipiki ile, dawa hazifiki vijiji vya milimani Kalinzi. Pampu ya namna hiyo haikuwapo kuanzia Ujiji hadi mwisho wa dunia, isipokuwa moja tu, ambayo fundi mmoja mzee kutoka Kongo alivuka nayo ziwa ameifunga kwenye kitenge.

"Niliacha kabati, nikabeba pampu," aliniambia. "Mama wa watoto hajanisamehe."

Akanikabidhi niifunge mwenyewe, uani kwangu Kasingirima. Mimi mhitimu wa shule ya jioni ya ufundi nikakata gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya pampu na injini, kutoka jalada la daftari langu la hesabu, ikakaa utadhani imezaliwa pale. Nikapiga kiki. Milima ikatetemeka, Kongo wakasikia.

Mzee akafungua kifuniko cha tanki la oili, aone kama pampu inairudisha oili kutoka kwenye injini. Halikurudi hata tone.

"Zima, kijana, utaua injini. Huko shuleni hawakufundisha matundu?"

Nikafungua tena. Kweli, gasketi niliikata vizuri pembeni kote, nikasahau kutoboa tundu la kupitishia oili. Nikatoboa kwa msumari, nikafunga upya, nikapiga kiki. Oili ikaruka tankini kama chemchemi.

"Sasa funika, fundi," mzee akasema.

Fundi! Sikufunika. Bwana mganga alisubiri na dawa zake mpaka mtaa mzima ulipomaliza kuchungulia oili yangu ikiruka tankini.