Matawi ya Jenifa Kiguu na Njia

Jenifa alizaliwa milimani Amani, na waliokuwepo wanasema alitanguliza miguu. Mkunga alipogeuka kuchukua kanga ya kumfutia, mtoto alishafika mlangoni, kitovu kikiburuta nyuma, anatafuta njia ya kwenda shambani. Anayebisha akamuulize mkunga mwenyewe, ingawa mkunga alikwisha kufa. Alikufa kwa uchovu wa kumkimbiza.

Wazazi wake walikuwa Walutheri wachuma chai, watu wa kutulia. Wakimtuma dukani chumvi, binti anashuka bonde, anapanda kilima, anashuka bonde jingine kuona lina nini, na akirudi nyumbani chumvi imeshayeyuka kwa jasho la kiganja. Mchuzi ukawa unaliwa chapwa, na hapakuwa na wa kulaumiwa ila miguu. Msitu mzima aliujua: njia ya wenye mashamba ya iliki, njia ya wakata mianzi, hata vichochoro vya mbega, ambavyo mwenye akili zake hapiti kwa sababu viko juu ya miti. Wakamwita Kiguu na Njia, naye akaitika kama aliyebatizwa hivyo.

Kisha akaolewa Pongwe, na Pongwe ni tambarare.

Mume alikuwa Lucas, fundi cherehani, mtoto wa wakata mkonge, Mkatoliki mpole mwenye kitambi cha kukaa na futi ya kupimia shingoni hata akiwa kanisani. Alimpenda mkewe kwa namna watu wanavyopenda upepo: kwa mbali, akishika vitu visipeperuke. Lakini Jenifa alilelewa na njia zinazojisokota kama utumbo wa mbuzi, na mkonge umepandwa mistari, umenyooka, unaona leo utakapofika kesho. Mtu kama yule ukimwonyesha mwisho wa njia umemfunga. Alfajiri Lucas akinyoosha mkono kitandani anakuta shuka limepoa.

Sasa kwao Jenifa kuna desturi. Watu wakienda msituni, aliyetangulia akifika njia panda huvunja tawi lenye majani, akalilaza katikati ya njia ambayo hakuipita. Maana yake, huku nimefunga, usije. Anayefuata nyuma huchukua ile iliyo wazi. Jenifa alilibeba jambo hilo mpaka Pongwe, akawa analaza matawi yake kwenye vijia vya mkonge, na Lucas, macho yamejaa usingizi, akajifunza. Tawi kushoto, anapita kulia. Tawi kulia, anapita kushoto. Siku moja alikwenda hivyo mpaka akamkuta mkewe karibu na Horohoro, ametazama Kenya, hati ya kusafiria hana, ana kandambili tu.

Mama yake Lucas, bibi mmoja mnene aitwaye Praxeda, alisema mwanawe ameoa kimbunga. Yeye alikuwa na genge la nyanya pale barabarani, na nia yake ilikuwa moja: mkwe aketi pale, nyuma ya nyanya, mpaka miguu isahau.

Ndipo zikaja habari kwamba hifadhi ya msitu kule Amani inatafuta mtu wa kupanga njia za mbio za milimani, wakimbiaji watoke bondeni Sigi mpaka uwanja wa juu. Na mbio zikienda salama, mtu huyo atabaki kuzitunza njia mwaka mzima, apewe na kijumba. Jenifa hakulala. Chini ya shuka miguu ilikuwa inaenda, ikampiga Lucas mateke mpaka naye akaota kwamba anakimbia.

Asubuhi likawekwa baraza. Mama Praxeda alisema mengi. Alisema mlimani kuna baridi, alisema cherehani haipandi mlima, alisema mwanamke hatembezwi na miguu yake. Lucas alikuwa na pini mdomoni. Kisha akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wa pini.

"Mama Blessing," akamwambia mkewe, maana wana binti aitwaye hivyo, "asipotee mkimbiaji, nabeba cherehani yangu tunahamia mlimani. Akipotea, unakaa Pongwe, na genge la Mama ni lako."

"Hata akipotea mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mkwe wangu," Mama Praxeda akadakia, "anza kujifunza kupanga mafungu ya nyanya."

Na kwa kuwa hakumwamini mtu, bibi yule akataka awepo shahidi. Akamwandikisha Lucas akimbie.

Hifadhi ilikataza utepe na rangi mitini. Alama ziwe za majani, zioze zenyewe. Njia ilikuwa ndefu, na Jenifa akapewa msaidizi, Badru wa Raskazone, mtu mzima mwenye miguu myembamba kama ya korongo, aliyezoea kupangia wenzake mbio za ufukweni. Wakagawana: Badru aweke alama nusu ya chini kutoka Sigi, Jenifa nusu ya juu. Wakakubaliana kila njia panda kuwe na tawi. Basi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake tawi linasema nini, kama vile huwezi kumuuliza mtu anayebisha hodi, nifungue au nifunge.

Na huko Raskazone, Badru anapotupa tawi la mvinje mchangani, maana yake ni pita hapa.

Siku ya mbio ukungu ulishuka mzito hata kuku wakagongana. Wakimbiaji walikuwa umati, namba vifuani, raba za rangi za kuumiza macho. Mbele alisimama Idarusi, fahari ya Raskazone, mwenye mbio za kuacha kivuli chake kikiuliza njia. Nyuma kabisa alikuwa Lucas, namba imelala juu ya kitambi, futi shingoni. Filimbi ikalia. Nusu ya chini wakapita vizuri: tawi hili, wanalivuka, tawi lile, wanalivuka, na Lucas mkiani haoni matawi, anafuata migongo tu. Walipofika mahali nusu ya Jenifa inapoanzia, wakakuta tawi jingine. Wakalivuka nalo, Lucas ameshaachwa mbali.

Jenifa alikuwa uwanjani juu anangoja, na kungoja kulikuwa kunamla. Alizunguka mlingoti wa kumalizia mpaka nyasi zikakauka, na pale hazijaota tena. Badru alikuwa kando na ndoo za maji. Mama Praxeda alikuwa amekaa kwenye kiti alichokuja nacho kutoka Pongwe, ametulia kama mtu anayejua mvua itanyesha. Beberu wa zawadi alikuwa amefungwa kwenye mti, naye ana wasiwasi, lakini yeye alikuwa na sababu nyingine.

Jua likapanda. Hakuja mtu. Likafika utosini. Watu wakaanza kutazamana.

Kisha ukungu ukafunguka, kikaonekana kitambi, na nyuma ya kitambi akaja Lucas. Alikuwa anatembea. Futi ilikuwa imelowa, raba moja imebaki matopeni, na mbele yake hapakuwa na mtu. Hakuna aliyepiga makofi. Jenifa hakufurahi hata kidogo, akamwendea akitazama nyuma yake.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamelivuka tawi lako," Lucas akasema akitafuta pumzi. "Nyayo zote zimelivuka. Nimesimama pale nikajiuliza, kijiji kizima kinasema huku, na tawi moja linasema siyo huku."

"Ukafanyaje?"

"Mimi nimekufuata wewe tangu tuoane. Nikaliamini tawi."

Badru alikuwa ameshika kata ya maji. Akasema polepole kwamba kwao tawi ndiyo njia yenyewe. Jenifa akamjibu kwamba kwao tawi ni kufuli. Kata ikaanguka. Mama Praxeda akavuta kiti mbele kidogo, asikose kitu.

Jenifa hakungoja kingine. Alivua viatu, na waliomwona wanasema alipoingia msituni majani yaligeuka upande wa tumbo kama yapigwavyo na kusi. Njia ile aliyoifunga hugawanyika mbele kuwa njia nyingi, na kila moja aliijua inakwenda wapi, na hicho ndicho kilichomtia hofu, maana moja iliishia kwenye maporomoko. Akaanza na hiyo. Alikuta kundi limesimama ukingoni mwa maji, linagombana kama huu ndio mwisho wa mbio au mwisho wa dunia. Akawageuza. Wengine aliwakuta shamba la iliki, wamekaa, wanatafuna iliki, wamekata tamaa lakini vinywa vinanukia. Wengine walikuwa wanaanika mdalasini. Mwenye shamba alidhani ni vibarua aliowaagiza, akawagombeza kwa kuchelewa, nao kwa heshima wakashika kazi. Jenifa alimwamkia mzee yule shikamoo, akaomba apewe watu wake. Mzee akawatoa kwa shingo upande, akasema wale wenye namba kubwa walikuwa wazembe.

Akawapanga mstari, akawapandisha, akawahesabu kwa namba za vifuani. Akawahesabu tena. Idarusi hayumo.

Hapo miguu yake ilimwasha kama iliyopakwa upupu. Njia iliyobaki ni ile ndefu inayoteremka mpaka upande wa Muheza, na aliyeingia humo ni mwenye mbio kuliko wote, anayejiona anaongoza. Aliwaelekeza wale wengine uwanjani, akageuka. Alikimbia akiona nyayo za Idarusi zimeachana mno, na kila hatua ilikuwa inamwonyesha nyanya: mafungu ya nyanya, juani, barabarani, mpaka uzee. Alimkuta msitu ukikaribia kuisha, jua limeanza kulegea. Akampita kwanza, ndipo akageuka, na Idarusi akamgonga kifuani.

"Dada, nimeshinda?" akauliza Idarusi.

"Umeshinda kupotea, kaka yangu. Geuka tupande."

Waliporudi uwanjani jua lilikuwa bado linaonekana, jekundu. Wote walikuwepo, wamejaa matope, wananuka mdalasini. Mama Praxeda akasimama.

"Baba Blessing," akamwambia mwanawe, "ulisema mmoja. Hawa ni parokia nzima."

Lucas alikuwa amekabidhiwa beberu, kwa kuwa aliyefika kwa njia iliyopangwa ndiye mshindi. Akamtazama mkewe. Jenifa hakujitetea. Alisema wamepotea, ahadi ni ahadi, watarudi Pongwe. Kisha akaketi chini. Aliketi pale nyasini, akanyoosha miguu mbele, na ile miguu ikatulia. Haikutikisika hata kidole.

Lucas hakuwahi kuiona hivyo, hata usingizini. Akashikwa na woga ambao hakuupata kule msituni peke yake.

"Inuka," akamwambia. "Kilichookotwa na mwenyewe hakijapotea."

"Lucas, usinionee huruma. Walipotea."

"Walipotea kwa sababu hawakujui. Mimi nakujua, nimefika. Inuka, mke wangu, miguu hiyo inanitisha."

Mama Praxeda alianza kusema kuhusu ahadi na uanaume, na Lucas, mtoto mtiifu, akamwekea kamba ya beberu mkononi, akamwambia mbuzi huyu ni wako, na genge libaki lako. Bibi alikuwa bado anatafuta neno la kukataa mbuzi, neno ambalo halipo, beberu akaona mteremko. Mara ya mwisho walionekana wakielekea Sigi, mbuzi mbele, Mama Praxeda nyuma, kwa kasi ambayo Idarusi mwenyewe alisimama kuitazama.

Hifadhi ilipoona wote wamerudi salama, ikatoa kazi na kijumba, nao wakahamia. Cherehani ilipanda mlima. Badru na Jenifa walipita njia zote pamoja, wakakubaliana tawi lifunge, na hakupotea tena mtu. Siku waliyoingia kijumbani Jenifa alivunja tawi kubwa la mkarafuu, akalilaza kwenye njia ya kushukia Pongwe. Lucas alifurahi, akaweka mashine dirishani, akajua sasa mkewe amefika.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Asubuhi moja Lucas akanyoosha mkono kitandani, shuka limepoa. Akatoka nje. Lile tawi la mkarafuu halikuwa kwenye njia ya Pongwe tena. Lilikuwa limelazwa kwenye njia ya kwenda uwanjani.

Lucas akavaa futi shingoni, akashika ile iliyo wazi, ya kushuka.